Nafasi ya Elsba Kwenye Duara

Hamravík mtu asipoingia kwenye duara la ngoma, watu hawahangaiki kutafuta sababu. Kama si magoti, basi ameokoka kwa wale Ndugu wenye kanisa lao kule juu barabarani, ambao wengi wao huiona ngoma kuwa mambo ya dunia. Magoti ya Marna yalikuwa mazima. Kwa hiyo kijiji kilishakata shauri zamani kwamba binti wa Zakaris ni wa Ndugu, na mtu alipokumbusha kwamba hajawahi kuonekana kanisani kwao hata Jumapili moja, alijibiwa kwamba huenda anasali kwa siri. Watu wa Hamravík wakishakubaliana jambo, hawapendi kusumbuliwa tena.

Ukweli wenyewe ulikuwa mdogo na wa kuaibisha. Marna alikuwa akitokwa na jasho viganjani. Si jasho la kazi wala la joto, maana joto lenyewe watu wa visiwa vya Faroe hulisikia redioni tu. Lilitoka lenyewe, asubuhi akisaini karatasi, mchana akishika simu, likajaa kiganjani mpaka likadondoka sakafuni. Ndiyo maana alifanya kazi kiwanda cha samaki, mahali ambapo kila mtu amevaa glavu na kila kitu kimelowa. Ndiyo maana, siku ya kumzika mama yake, alizunguka na sinia la kahawa mikono miwili tangu mwanzo hadi mwisho ili asipeane mkono na mtu. Watu walisema binti huyu ana roho ngumu, hata kumlilia mama yake hana nafasi.

Sasa ngoma ya Hamravík haina chombo chochote. Ni miguu, sauti na mikono. Watu hushikana, hukanyaga sakafu pamoja, na mtangulizi huanzisha ubeti wa utenzi, duara zima likaudaka. Anayetaka kuingia huingia popote, anatenganisha mikono ya watu wawili na kuishika yeye, na sharti ni moja tu: uingie mikono mitupu. Mtangulizi alikuwa Zakaris, baba yake Marna, na alikuwa mtangulizi tangu nywele zake zikiwa nyekundu. Kulia kwake alisimama Niklas, ambaye vidole vyake viwili vililiwa na winchi baharini na ambaye peke yake aliruhusiwa kuvaa glavu ya sufu. Kushoto kwake alisimama mkewe, Elsba. Hakuna aliyekumbuka wakisimama namna nyingine.

Elsba alifariki vuli iliyopita.

"Mwaka huu waambie wasinisubiri," Zakaris alisema siku moja ya Januari. Walikuwa jikoni kwa Marna, mzee akikata nyama ya kondoo iliyokaushwa na upepo, kipande kimoja kimoja, chembamba.

"Wasikusubiri wapi?"

"Kwenye duara. Føstulávint ikifika, mimi nitakula maandazi yangu nikiwa nimekaa."

Føstulávint ni ile sikukuu ya kabla ya Kwaresima, na ndiyo ngoma kubwa ya majira ya baridi. Marna alidhani hakusikia vizuri.

"Daktari amekukataza?"

Mzee alijigusa kifuani, pale chini ya ngozi palipokuwa na kifaa cha kuendesha moyo. "Hiki? Hiki kinacheza kuliko mimi. Hapana. Bila mama yako sina wa kumshika mkono."

"Baba, Hamravík nzima inataka mkono wako."

"Inataka sauti yangu. Mkono ni kitu kingine." Akatoa leso, akafuta viganja, kama alivyofanya siku zote kabla ya kula na baada ya kula, akaikunja na kuirudisha mfukoni. "Usinitazame hivyo. Mtu akichoka anaruhusiwa kusema amechoka."

Marna alisikia jambo moja tu: baba hana wa kumshika. Alikwisha kuwaona wazee wengine wa kijiji wakikaa chini. Huanza kutoka kwenye duara, halafu hawaonekani tena bandarini, halafu mtu ukienda kuwatembelea hawana cha kusema. Tenzi zote alizijua, beti zote, maana kwa miaka alikuwa akiosha vikombe kwenye jiko la ukumbi huku wenzake wakicheza. Alitaka kusimama pale alipokuwa akisimama mama yake, kushoto kwa baba, kabla mzee hajazoea kukaa. Mwaka ule hakutaka kitu kingine.

Mara moja aliwahi kusimama pale. Alikuwa na miaka kumi na minne, mama ana homa, na baba akamwambia achukue nafasi. Kulia kwake alimshika baba, kushoto alimshika Rógvi, mtoto wa jirani. Hata utenzi haujafika mbali, Rógvi aliuachia mkono wake, akajifuta kwenye suruali mbele ya watu wote na kusema, "We Marna, ulikuwa umeshika samaki?" Watu walicheka. Marna akachomoa na mkono wa pili, akajifuta kwenye sketi, akakimbia hadi nyumbani. Tangu siku hiyo ukumbini alijulikana kwa vikombe tu.

Kwenye zahanati alikwenda kwa hila. Alisema ana upele, na kweli ngozi ya viganja ilikuwa imepasuka kwa kulowa ndani ya glavu. Daktari Ragna, binti wa mji mkuu, Tórshavn, aliyeongea upesi kana kwamba feri inamwacha, alinyoosha mkono kumsalimia. Marna akampa kiwiko.

"Nipe mkono."

"Umelowa."

"Lete hapa. Mimi sikuumbwa kwa sukari."

Aliushika, akaugeuza, akautazama kwa muda, kisha akaanza kuuliza. Tangu lini? Tangu utoto. Mikono yote miwili? Yote, na nyayo kidogo. Usiku ukilala? Hapo Marna ilibidi afikirie, maana mtu aliyelala hajioni, lakini alikumbuka kwamba huamka mikono mikavu na jasho huanza akishaweka birika la kahawa. Anakonda? Moyo unamwenda mbio? Kuna dawa anayotumia? Hapana, hapana, hapana.

"Kwenu yupo mwingine mwenye hali hii? Mara nyingi inatembea kwenye ukoo."

"Hakuna. Mama mikono yake ilikuwa mikavu kama karatasi. Baba ni mzima, tatizo lake ni moyo."

Daktari alimpaka viganja dawa ya kahawia ya vidonda, akaiacha ikauke, kisha akanyunyiza unga wa viazi juu yake. Wakakaa wanatazama. Unga ukaanza kugeuka, nukta moja, nukta nyingine, mpaka viganja vyote vikawa vyeusi kama vya mtu aliyetoka kuchimba makaa.

"Palipogeuka peusi ndipo jasho linapotoka," daktari alisema. "Yaani kwako ni kila mahali. Damu tutaipima tuangalie tezi ya shingo, lakini sitegemei kuona kitu. Mishipa inayoamrisha jasho inapokea amri bila sababu, basi. Si uchafu. Si woga. Wako wengi tu wenye hali hii."

"Na ina dawa?"

"Inayo. Kwa nini hukuja siku zote?"

Marna alitaka kumkumbatia na kumzaba kofi kwa pamoja. Angejibu nini? Kwamba hakujua jasho ni kitu cha kupeleka kwa daktari? Kwamba alidhani ndivyo alivyo, kama wengine walivyo wafupi?

Damu haikuonyesha kitu. Dawa ya kwanza ilikuwa maji ya kujipaka wakati wa kulala, na kwa ngozi iliyopasuka yalimuunguza mpaka akaiacha. Ya pili ilikuwa mashine: kijisanduku chenye kitufe cha kuzungusha na kipimo cha mshale, na mabeseni mawili mapana ya kutia mikono. Mtu anajaza maji ya bomba, anazamisha viganja, na umeme mdogo sana unapita majini mpaka mikono inatulia. Daktari alisoma maonyo kwanza.

"Una mimba?"

"Ya nani?"

"Una kifaa cha moyo?"

"Mimi sina. Baba ndiye anacho."

"Basi baba asiiguse kabisa. Na wewe uvue pete, ongeza umeme polepole mpaka usikie mchonyoto, na ufanye bila kuruka. Wiki chache hivi utaona tofauti."

Marna alihesabu kichwani, akaona Føstulávint itamkuta tayari. Hakumwambia baba. Aliogopa kumpa mzee tumaini halafu alichukue.

Alifanya kama alivyoagizwa, kila jioni baada ya kazi, na mikono ikaendelea kumwaga jasho kana kwamba haijaambiwa kitu. Aliongeza umeme mpaka kitufe kikagoma kwenda mbele. Mshale ulitikisika tu, haukunyanyuka. Mchonyoto hakuusikia, akajisemea kwamba barafu ya kiwandani imemtia vidole ganzi.

Siri yenyewe ilivuja kwa mama mdogo Sanna, mdogo wake marehemu Elsba, kwa sababu mama mdogo Sanna habishi hodi.

"Unaloweka nini hapo?"

"Mikono."

"Mikono inalowekwa?" Akavuta kiti, akakaa, akaelezwa yote, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akanyamaza hadi mwisho. Kisha akasema, "Pole, mwanangu. Na sisi tukakupeleka kwa Ndugu." Akachovya kidole kwenye beseni. "Haya maji umeyatoa wapi?"

"Bombani."

"Ndiyo kosa lako. Bomba lenyewe limetoka Denmark. Tiba inataka maji safi."

Watu wa Hamravík mambo mengi hawajivunii, lakini maji yao usiyaguse. Yanashuka mlimani hayajapita popote, birika halijui ukoko ni nini, na anayerudi kutoka ng'ambo hunywa glasi mbili hata kabla ya kuvua koti. Kwa hiyo ushauri wa mama mdogo uliingia akilini moja kwa moja. Kesho yake alileta ndoo ya maji kutoka kwenye chemchemi ya nyuma ya makaburi, maji ambayo hata bomba halijayaona. Marna akazamisha mikono. Mshale, uliokuwa ukitikisika kidogo kwa maji ya bomba, sasa ukalala kabisa.

Zikabaki siku chache kabla ya sikukuu, na mzee alipopita kunywa kahawa alisema koti lake la ngoma amempa mtu. Marna akaenda zahanati bila miadi, akaweka kijisanduku mezani kwa daktari kwa kishindo.

"Mashine yako mbovu."

"Mchonyoto unausikia?"

"Sisikii kitu. Hata kwa maji ya chemchemi sisikii."

Daktari Ragna alikikagua kijisanduku, akaona ni kizima. Akampigia simu bingwa wa ngozi huko Denmark, akaweka sauti nje ili wote wasikie, akamweleza.

"Anatumia maji gani?" bingwa aliuliza.

"Maji yetu," daktari alisema, na hata yeye kidevu kilimpanda kidogo. "Safi kuliko yenu."

Kule upande wa pili kikasikika kicheko. "Ndiyo kasoro yenyewe! Umeme hautembei kwenye maji yasiyo na kitu ndani. Huku kwetu maji yana chokaa mpaka birika zinaziba, ndiyo maana hatujawahi kuwaza jambo hili. Mwambie atie soda ya kuokea. Kijiko kidogo kila beseni."

Daktari alikata simu. Uso ulikuwa umemwiva. "Nimekulia kwenye maji haya haya," alisema. "Ningepaswa kujua."

"Kwa hiyo yangekuwa machafu ningeshapona?"

"Ndiyo."

"Usimwambie mama mdogo Sanna."

Lakini aliambiwa, maana alikuwa amekaa jikoni akisubiri majibu. "Ati maji yetu mabovu?" aliuliza, tayari kununa.

"Si mabovu, mama mdogo. Yamezidi usafi."

"Hapo sawa," mama mdogo alisema, na akaenda mwenyewe kuchukua soda kabatini.

Jioni ile Marna alizungusha kitufe kidogo tu, mshale ukaruka, naye akaruka pamoja nao. Vidole vilichonyota kama mguu uliokufa ganzi unapoamka. Alikaa mikono majini akicheka peke yake. Kwa kuwa siku zilikuwa zimebana, daktari alimruhusu afanye mara mbili kwa siku, na ilibidi asali kidogo, pengine ndiyo mara pekee kijiji kilikuwa karibu na ukweli. Asubuhi ya Ijumaa alisaini karatasi ya zamu na karatasi haikulegea. Alitazama kiganja, akakigeuza, akakitazama tena. Halafu akamwendea msimamizi wake, akamshika mkono na kuutikisa.

"Hongera," akasema.

"Ya nini?"

"Basi tu."

Ngoma ya Føstulávint ilianza alasiri, kama kawaida, ili watoto na wazee nao wapate. Ukumbi ulinuka kahawa na sufu iliyonyeshewa. Mama mdogo Sanna alikuwa amemkokota Zakaris kwa ahadi ya maandazi ya krimu, na mzee alikaa kwenye benchi la ukutani, koti la baridi limefungwa vifungo vyote, kama mtu anayesubiri feri. Niklas alisimama sakafuni na glavu yake, hana wa kumshika mkono. Kijana mmoja alijaribu kuanzisha utenzi, akaupandisha juu mno, na kwenye ubeti wa tatu hakuna koo lililomfikia. Duara likasimama. Watu wote wakatazama kwenye benchi, na mzee akatazama andazi lake.

Marna aliweka sinia la vikombe chini. Alivuka sakafu, akasimama mbele ya baba yake na kunyoosha mkono mtupu.

"Baba, twende."

"Wapi?"

"Pale pa mama."

Zakaris aliutazama ule mkono, kisha uso wake. "Wewe hutaki ngoma."

"Nani kakwambia?"

"Miaka yote imeniambia."

"Baba, watu wamesimama."

Mzee alitoa leso. Alifuta mkono wa kushoto, kiganja, kati ya vidole, kiganja tena, mpaka mtu mmoja nyuma akaguna. Ndipo akainuka.

Wakaingia. Niklas akashika kulia. Marna akashika kushoto kwa baba, na mkono wake wa pili ukadakwa na Rógvi, ambaye siku hizi ana kitambi na watoto watatu na hakumbuki kitu chochote cha zamani. Zakaris akavuta pumzi, akaanzisha ule utenzi mrefu wa mfalme na nduguze, chini kabisa, mahali ambapo kila koo linafika. Sakafu ikaanza kuunguruma. Marna akaudaka ubeti pamoja na wengine, akausikia ukipanda kutoka miguuni, na moyo ukafurahi mno.

Kisha akasikia maji.

Yalikuwa mkononi mwake wa kulia, kati ya kiganja chake na cha baba, mengi, yakishuka kwenye kifundo. Imerudi, alijisemea, imerudi hapa hapa mbele ya watu. Alikuwa tayari kuchomoa mkono na kukimbia kama zamani, na mguu mmoja ulishakosea hatua. Ila Rógvi upande wa pili alikuwa anaimba kwa nguvu na hajaachia kitu. Marna akausikiliza mkono ule wa kushoto. Ulikuwa mkavu. Aliubana mkono wa Rógvi ili ahakikishe, ukawa mkavu bado. Na mikono yote miwili ilikuwa imezama kwenye soda ile ile, siku zile zile.

Jasho halikuwa lake.

Alimtazama baba yake pembeni. Mzee aliimba huku ametazama mbele, shingo imekakamaa, kama mtu anayesubiri kuachwa. Marna akakumbuka leso. Akakumbuka glavu ya Niklas, na mama ambaye hakuwahi kumwachia mtu mwingine nafasi ile hata siku moja isipokuwa akiwa na homa. Aliimba beti zote zilizobaki machozi yakimtoka, na kwa kuwa kwenye utenzi ule ndugu wa mfalme wanakufa wote, hakuna aliyemshangaa.

Utenzi ulipokwisha, Zakaris alichomoa mkono upesi na kutafuta leso.

"Unisamehe," alisema kwa sauti ya chini. "Mama yako alishauzoea mkono huu. Siku ile uliponikimbia nilikuona unavyojifuta kwenye sketi, nikasema mtoto hana kosa, nani anataka kushika kitu kama hiki. Watu wakaniuliza uko wapi. Nikawaambia umekwenda kwa Ndugu. Ilikuwa rahisi kusema hivyo."

"Baba," Marna alisema, "nilikuwa najifuta jasho la kwangu."

Mzee hakuelewa. Ikabidi amweleze pale pale, kwa maneno machache, watu wakinywa maji na kuvua sweta: jasho, daktari, unga wa viazi, mashine, soda. Zakaris akakichukua kiganja cha binti yake, akakibonyeza kwa dole gumba.

"Kikavu."

"Ni mashine hiyo."

"Na mimi nikiingiza mikono humo?"

"Wewe huruhusiwi. Una hicho kifaa kifuani."

Mzee alijigusa kifuani. "Basi utakuwa unashika maji."

"Nitashika."

"Jamani," Rógvi aliita kutoka upande wa pili, "tunaimba au tunahubiriwa? Huyo dada wa Ndugu asije akatuokoa wote hapa!"

Watu walicheka, na Niklas akainua glavu yake kuashiria yuko tayari. Zakaris akaitoa leso tena ajifute. Marna akampokonya, akaitia kwenye mfuko wake mwenyewe, akanyoosha mkono. Baba yake akampa wake jinsi ulivyo, umelowa, na akaanzisha utenzi mwingine.